Mhunzi Hakusema Hivyo

Alhamisi saa tatu asubuhi, Sauti alimwona Malkia akiolewa na mtu mwingine.

Alikuwa peke yake ukumbini. Madirisha yamefunikwa mablanketi, mabenchi matupu, feni inazunguka kivivu juu ya kichwa chake, na pale kwenye skrini kengele zinalia, maua yanarushwa, Malkia wa Mlimani anampa mkono Jemadari wake huku akilia kwa furaha. Kwa furaha, jamani! Sauti alirudisha nyuma akatazama tena, akidhani macho yamemdanganya. Wapi. Akarudisha mara ya tatu. Malkia yuleyule, Jemadari yuleyule, na machozi yaleyale.

"Nimekwisha," alisema kwa sauti ile ambayo mtaa mzima unaijua. "Safari hii nimekwisha mimi."

Sasa, ili uelewe kwa nini mwanamke mzima wa miaka thelathini na mbili atetemeke kwa ajili ya harusi ya watu wasiokuwepo, itabidi nikurudishe nyuma kidogo. Usiniharakishe.

Kazi ya Sauti ilikuwa kufasiri. Tamthilia ile ilitoka nchi ya mbali, kwa lugha ambayo pale mtaani hakuna aliyeijua isipokuwa yeye, maana aliwahi kuwapikia wageni wajenzi wa barabara miaka mitano, akatoka kwao na lugha kama wengine wanavyotoka na sufuria. Kila Jumamosi saa nane mchana alipanda kiti kirefu kando ya skrini, maiki mdomoni, akawasemea wote: malkia, majemadari, wachawi, hata joka. Lile joka lake likikoroma, watoto walikojoa. Ndiyo maana jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika, akabaki Sauti.

Uongo ulianza kwa woga, na hilo naomba ulishike. Msimu wa kwanza, sehemu ya nne, Malkia alikwenda kwenye karakana ya mhunzi wa mjini wakaongea dakika kumi nzima. Kuhusu chuma. Chuma cha namna gani, kichomwe muda gani, mapanga yawe mangapi. Sauti alifasiri neno kwa neno kama mtu mwaminifu. Dakika ya tatu watu wakaanza kupiga miluzi. Dakika ya tano mtu akarusha ganda la ndizi. Mwenye ukumbi akamkazia macho kutoka mlangoni. Jasho likamtoka Sauti, akaona kibarua kinaota nyasi, na pale Mhunzi alipofungua mdomo kusema kwamba mkaa unakaribia kwisha, yeye akasema taratibu, kwa sauti nzito: "Malkia wangu, joto hili unaloliona usoni pangu si la tanuri peke yake."

Weee! Ukumbi ulilipuka. Watu walipanda juu ya mabenchi. Na kule nyuma kabisa, gizani, kuna mwanamke alicheka cheko moja refu mpaka akakohoa, na Sauti akamtambua. Alikuwa dada yake.

Dada yake alikuwa msusi, na ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, Sauti akiwa darasa la tatu. Alimsuka, alimpeleka shule, alimchapa, alijinyima akampa. Na wakati ule alikuwa hajacheka kwa miezi mitatu. Mchumba wake, dereva wa lori, aliondoka na mzigo wa mbali akisema atarudi kabla ya mvua. Mvua zikaja, zikaenda, dereva kimya. Kwa hiyo Sauti alipolisikia lile cheko alijua kwamba Jumamosi inayofuata atadanganya tena. Alidanganya miaka sita.

Na ili Mhunzi apate nafasi ya kumwaga mapenzi, ilibidi mtu mwingine apunguziwe. Akapunguziwa Jemadari. Yule bwana alikuwa na maneno mengi ya upole, lakini nani alikuwa na haja nayo? Akisema sentensi tano, Sauti alifasiri: "Majeshi yako tayari, Malkia." Basi. Mtaa ukamwona Jemadari gogo tu, na Mhunzi akawa mpenzi wa watu wote. Kinyozi alichora ukutani pake MALKIA NA MHUNZI ndani ya moyo mwekundu. Kikaundwa chama, Chama cha Mhunzi, mwenyekiti wake muuza nyama mmoja mwenye mikono kama magogo, ambaye wote walimwita Bucha. Watoto wawili mtaani walizaliwa wakaitwa Mhunzi, hivihivi, kwenye vyeti.

Hayo yote yangekuwa mchezo tu kama isingekuwa ile simu.

Ilikuwa msimu wa tatu. Mhunzi alikuwa ameshavuka milima kwenda kutafuta chuma, na dada ametoka hospitali siku mbili, amepasuliwa tumbo, hata kujigeuza kitandani hawezi. Simu ya Sauti ikalia. Dereva. "Shemeji," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaka kumaliza haraka, "mwambie dada yako asinisubiri. Nimeoa huku. Nina mtoto." Akakata. Sauti alimtazama dada yake aliyelala, uso umepauka, akajisemea: nitamwambia akipona. Akapona. Akajisemea: wiki ijayo. Na wiki ijayo ndiyo ile ambayo Malkia alipokea barua ya Mhunzi. Barua yenyewe ilikuwa orodha ya vifaa, nyundo na mifuko ya ngozi. Sauti akaisoma hivi: "Usifunge dirisha la upande wa mawio. Hata nikichelewa miaka, nitakuja kwa njia hiyo."

Tangu siku ile dada hakufunga dirisha la chumba chake la upande wa mawio. Mvua ilinyesha ndani, godoro likaota ukungu pembeni, na yeye hakulifunga. "Tunasubiri," alikuwa akisema, akicheka kidogo. "Mimi na Malkia." Na Sauti, kila Jumamosi, alizidi kumpa sababu ya kusubiri. Miaka mitatu hiyo, na ile simu imekaa kifuani mwake kama mwiba wa samaki.

*

Mwenye ukumbi aliingia saa nne na chupa yake ya chai. Huyu alikuwa mzee mwembamba aliyeitwa Tiketi, kwa sababu hata mama yake mzazi hakuingia pale bila tiketi.

"Ahirisha, Mzee," Sauti alimwambia. "Sema mashine imeharibika."

"Niahirishe? Watu wameshashona fulana, binti! Kuna nini?"

"Malkia ameolewa na Jemadari."

Tiketi akaketi. "Jemadari yupi?"

"Kwani wako wangapi?"

"Yule wa majeshi yako tayari? Lakini yule hajawahi hata kumtongoza!"

"Amemtongoza misimu sita. Mimi ndiye sikumwacha aongee."

Mzee wa watu alikunywa chai bila kuiona. Halafu akauliza swali la mfanyabiashara: Mhunzi je, haonekani kabisa? Anaonekana, Sauti alijibu, mwisho kabisa. Amerudi. Anasimama na Malkia langoni, wawili tu, wanaongea, halafu lango linafungwa na tamthilia imekwisha.

"Basi tumepona!" Tiketi aliweka kikombe chini. "Hapo langoni ndipo pa kutia chumvi. Malkia aseme ameolewa kwa ajili ya nchi, moyo uko palepale. Mhunzi aseme nisubiri. Sentensi mbili tu, watu watalia, watakwenda makwao. Usipofanya hivyo, Sauti, hapa patachimbika. Unamjua Bucha."

Anamjua. Ijumaa alipopita dukani kwa Bucha kununua nusu kilo, alimkuta amefunga kitambaa chekundu kichwani, ananoa kisu. "Kesho ndiyo kesho!" alisema Bucha akicheka. "Miaka sita nimemsubiri huyu Mhunzi wetu. Akikosa yule mwanamke, Sauti, sijui nitafanya nini. Kweli tena. Najijua mimi." Alicheka mdomo tu, na kisu kiliendelea kwenda na kurudi. Sauti alichukua nyama yake akaondoka bila kungoja chenji.

Lakini hofu ya Bucha ilikuwa hofu ya mwili, unaweza kuikimbia. Iliyomtoa usingizi ilikuwa nyingine, na ilikuwa imekaa saluni.

Saluni ya dada ilikuwa chumba kimoja: kioo kimoja chenye ufa, viti viwili, na stuli ndefu ya mbao ambayo wateja waliwekea mikoba. Stuli hiyo aliileta Seremala, mjane mmoja mpole aliyetengeneza mabenchi ya ukumbi. Aliileta mwaka jana, akasema, "Ni ya miguu," akaondoka. Kila wiki mbili alikuwa na kitu cha kutengeneza pale, mara kitasa, mara rafu ambayo haikuwa imevunjika. Wateja walimwita shemeji ili wamwone akiona haya. Sasa amepata kazi mji mwingine, madawati ya shule nzima, anaondoka Jumatatu. Na amemwomba dada jibu, kama ataolewa naye. Safari hii kwa maneno kabisa.

"Nimemwambia nitamjibu Jumapili," dada alisema, vidole vikikimbia kwenye kichwa cha mteja. Alisimama mguu mmoja, akaupumzisha wa pili, kama afanyavyo kila siku kuanzia saa saba.

"Utamjibu nini?" Sauti aliuliza.

"Nitaona Malkia kafanyaje."

Wateja waliangua kicheko. Dada hakucheka. "Msinicheke. Miaka sita nimekwenda naye. Kama yeye aliyengoja na majoka na vita anaendelea kungoja, mimi ni nani nichoke? Na kama amechoka, basi, nitajua hata wenye nguvu huchoka." Akamtazama mdogo wake kwenye kioo, kwenye ule ufa. "Wewe umeshaiona. Usiniambie. Nataka kuisikia kwako kesho, na wenzangu."

Unaona alivyobanwa? Akitia ile chumvi ya Tiketi, ukumbi utatulia, na dada yake atamwambia Seremala hapana, atakaa na lile dirisha wazi mpaka azeeke, akimngoja mwanamume ambaye ana mke na mtoto. Akisema kweli, Bucha na wenzake watamrarua, hilo moja. Na la pili, dada atajua. Atajua barua ilikuwa ya nani. Atauliza, na akiuliza, ile simu itatoka. Na mtu aliyemlea tangu utotoni atamtazama kama mwizi.

*

Jumamosi saa saba na nusu ukumbi ulikuwa umefurika. Mabenchi yaliyokaa watu watano yalikaa wanane. Vitambaa vyekundu kila upande, ngoma moja, filimbi mbili, na watu wamesimama mpaka mlangoni ambako Tiketi alikuwa akikusanya tiketi. Joto la watu wengi hivyo lina harufu yake, na harufu hiyo ilimpanda Sauti kichwani. Aliupima kwa macho umbali wa kutoka kiti chake hadi mlango wa nyuma. Hatua tisa. Mlango wenyewe una kufuli.

Dada alikuwa benchi la tatu. Amevaa gauni lake la bluu la kwenda harusini. Seremala alisimama ukutani na kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kusikiliza kesi yake mwenyewe.

Taa zikazimwa. Nusu saa ya kwanza ilikwenda salama: vita, moto, joka likafa, Sauti akalikoromea mara ya mwisho, watoto wakapiga kelele. Halafu kengele zikaanza kulia. Malkia akatoka na shela jeupe. Ukumbi mzima ukashangilia, ngoma ikapigwa, "Mhunzi! Mhunzi!" kwani walijua bwana harusi ni nani. Bwana harusi akageuka. Ngoma ikakatika katikati ya pigo.

"Huyo si Jemadari?" mtu aliuliza.

"Subiri, watazuia. Mhunzi anaingia sasa hivi."

Mhunzi hakuingia. Jemadari alisema maneno yake, Malkia akasema yake, na Sauti akafasiri kwa sauti ndogo kavu, "Nakukubali." Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa kwikwi. Filimbi ikapulizwa kwa hasira. Bucha akasimama, kitambaa chekundu mkononi, akapaaza sauti: "Sauti! Umefasiri vibaya!"

"Kaa, Bucha, haijaisha!"

Na kweli haikuwa imeisha. Pale kwenye skrini mtu mwenye mvi alikuwa akipanda njia ya lango na mfuko begani. Mhunzi! Ukumbi ulivuta pumzi kwa pamoja. Malkia alishuka ngazi peke yake, wakasimama uso kwa uso, wawili tu. Watu mia mbili na zaidi walimngoja mwanamke mmoja aseme kitu. Karibu na mlango, Tiketi alikuwa akimtikisia kichwa: sasa, sema, sema.

Mhunzi alifungua mdomo.

Sauti alimtazama dada yake. Mwanga wa skrini ulikuwa umempiga usoni, na uso ule ulikuwa umejitoa wazi, mdomo umefunguka kidogo, mikono imekutana kifuani. Alikuwa anangoja kuambiwa angoje. Sentensi iko tayari kwenye ulimi wa Sauti, tamu, nzito, inajua njia. Angeisema na kila mtu angekwenda nyumbani.

"Anasema," Sauti alisema, na sauti ikamkatika, akaanza tena. "Anasema bawaba za lango zitiwe mafuta kabla ya mvua."

Tiketi alijishika kichwa.

"Malkia anasema asante. Anamuuliza watoto hawajambo. Mhunzi anasema hawajambo, mkubwa ameanza kazi ya nyundo."

"Acha utani wewe!" Bucha alifoka. "Fasiri!"

"Ndiyo nafasiri." Maiki ilikuwa ikigongana na meno yake. "Ndivyo anavyosema. Ndivyo alivyosema siku zote. Chuma, mkaa, bawaba. Hajawahi kumpenda, jamani, wala yeye hajawahi kumpenda. Yale mengine niliyasema mimi."

Nisikudanganye, kilichofuata hakikuwa kizuri. Benchi lilipinduka. Chupa ikapasuka ukutani. Mtu alivuta waya na skrini ikayumba, watu wakisukumana, wengine kutoka, wengine kumfikia. "Muongo! Miaka sita!" Mwanamke mwenye mtoto aliyeitwa Mhunzi alimnyanyua mtoto juu na kupiga kelele, "Na huyu je? Huyu nimwite nani?" Bucha alikuwa ameshaanza kuja, akiruka mabenchi, na Sauti hakuweza hata kushuka kwenye kiti. Alisema moyoni, leo nakufa, nakufa kwa sababu ya bawaba.

Lakini aliyefika wa kwanza alikuwa dada. Sauti hajui alipita wapi. Alisimama mbele ya kile kiti na gauni lake la bluu, Bucha nyuma yake, na Bucha alipomwona akasimama, kwa sababu dada alimsuka mkewe siku ya harusi yao na mtaani hapo hakuna mwanamume anayemsukuma dada.

"Ile barua," dada alisema polepole. "Ya dirisha. Ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Kwa nini?"

Sauti aliinamisha kichwa, akanong'ona kama mtoto anayekiri kuvunja kikombe. "Shemeji alipiga simu. Ulikuwa umetoka kupasuliwa. Alisema usimsubiri, ameoa huko, ana mtoto. Nilitaka upone kwanza, dada. Halafu nikaogopa."

Alikuwa ameisahau maiki. Maiki ilikuwa bado mkononi, imewashwa, chini ya kidevu chake, na spika mbili kubwa za Tiketi zikaupeleka mnong'ono ule hadi mlangoni na hadi barabarani. Zogo likazimika lenyewe. Waliokuwa wamenyanyua mabenchi wakayashusha. Bucha alikiangalia kitambaa chake chekundu, akakikunja, akakitia mfukoni. Kule ukutani Seremala alivaa kofia, akaivua tena, akatoka nje asije akamtazama mwanamke wa watu kwenye aibu yake.

Dada hakulia. Hilo ndilo lililomtisha Sauti kuliko kisu cha Bucha. Alisimama tu, akimtazama, kwa muda mrefu, kama anatafuta mahali pa kuanzia. Halafu akageuka, na watu wakampisha njia katikati ya mabenchi, wote, na yeye akapita akaenda zake.

Sauti alipofika nyumbani jua bado lilikuwa juu. Mlango wa chumba cha dada ulikuwa umefungwa. Alizunguka nje kwa upande wa mawio. Dirisha lilikuwa limefungwa, komeo limepigwa kwa ndani. Alikaa chini pale ukutani na hofu yake mpaka miguu ikafa ganzi, na hakuna aliyemfungulia.

*

Jumapili saa mbili asubuhi dada alimkuta saluni. Sauti alikuwa anafagia, maana hakujua la kufanya na mikono. Alisimamisha fagio. Alikuwa amejiandaa kwa vitu vingi: kofi, matusi, mzigo wake kutupwa nje. Hilo la mwisho ndilo alilokuwa akiliogopa zaidi, na alikuwa ameshahesabu kichwani nguo zake zote ni mifuko miwili.

Dada alifunga mlango. Alikwenda kwenye ile stuli, akaondoa mkoba uliosahauliwa na mteja, akaondoa taulo, akaipangusa kwa kiganja. Akaketi. Ilikuwa mara ya kwanza Sauti kumwona ameikalia. Urefu wake ulilingana kabisa na urefu wa kichwa cha mteja kwenye kiti. Mtu angeweza kusuka kutwa nzima hapo bila kusimama. Dada alining'iniza miguu yake iliyovimba, akaitazama.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua, dada."

"Sijui kama nitakusamehe. Usiniulize." Alikunja lile taulo. "Yule Jemadari. Alikuwa anasema nini?"

"Wakati gani?"

"Wakati wote. Ulikuwa unamkatisha. Midomo yake ilicheza muda mrefu, wewe ukisema majeshi yako tayari. Nilikuwa naona, nikadhani lugha yao ndefu. Sasa nataka kuyasikia. Yaleyale. Ukitia hata neno lako moja, nitajua, na hapa hutakaa."

Sauti aliweka fagio chini. Alifumba macho akarudi msimu wa kwanza, kwenye hema la vita, akaogopa kuliko alivyoogopa mbele ya watu mia mbili, kwani hapa hapakuwa na pa kujificha. Akaanza. Jemadari anasema, umetembea siku nne, kaa. Jemadari anasema, miguu imepona? Anasema, nimewaambia wapunguze mwendo, nimewaambia ni farasi wamechoka, ili usione haya. Msimu wa pili: miguu imepona? Msimu wa tatu, wakati wa ile barua: Malkia, nimeona hulali, sikuulizi kwa nini, nimeweka walinzi mbali na mlango wako ili wasikusumbue. Msimu wa nne alisema machache, alikuwa mgonjwa. Wa tano: sijui kusema mambo, ninajua kutengeneza. Hapo Sauti alifumbua macho, akasita.

"Ndivyo alivyosema?" dada aliuliza. "Au ni wewe?"

"Ndivyo alivyosema. Haki ya Mungu."

Dada aliipitisha mikono pembeni mwa stuli, kwenye mbao zilizopigwa randa mpaka zikawa laini, taratibu, akaenda mpaka chini kwenye miguu yake minne, akarudi. Pua ikawa nyekundu. Machozi yalikuja sasa, mengi, ya miaka sita, akayaacha yatoke bila kuyapangusa. Sauti alipiga hatua moja kumwendea. Dada akanyanyua kiganja: hapohapo ulipo.

Alipomaliza alijiosha uso kwenye beseni la wateja, akajitazama kwenye kioo upande usio na ufa, akavaa viatu. Kutoka barabarani ilisikika nyundo. Seremala alikuwa ukumbini anayatengeneza mabenchi yaliyovunjika jana, ili yasibaki hivyo atakapoondoka kesho.

"Utamwambia nini?" Sauti aliuliza, kabla hajajizuia.

"Kwanza nataka aseme yeye. Sijawahi kumsikiliza."

Dada alifungua mlango. Sauti, kwa mazoea ya miaka yote ya kwenda nyuma yake, alichukua kanga yake akamfuata mpaka kizingitini.

"Wewe baki," dada alisema bila kugeuka. "Hili sitaki mtu anifasirie."